SOMO: Rigresa za fMRI ya kumbukumbu yenye bloku na matukio kwa pamoja

Wakuu, swali hili linarudi kila mara: kwenye uchambuzi wa fMRI (picha za ubongo zinazofuatilia mabadiliko ya damu) niweke rigresa zipi, yaani safu zipi za modeli za kuelezea data? Basi naweka hapa jibu lote. Jaribio letu: mshiriki yumo ndani ya skana, anaoneshwa maneno kwa bloku (mafungu ya maneno yanayofuatana), anajibu kama neno aliliona awali au ni jipya. Kati ya bloku anapumzika akitazama alama ya msalaba.

1. Gawa maneno kwa jibu: la zamani alilolitambua, la zamani lililompita, jipya alilolikataa, jipya aliloapa analijua.

2. Maneno ambayo hakuyajibu yapate rigresa yao.

3. Mwendo wa kichwa: rigresa 6, tatu za kusogea na tatu za kuzunguka.

4. Rigresa ya bloku. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, someni taratibu. Kazi yake ni kubeba shughuli ya ubongo inayodumu bloku nzima, mbali na neno mojamoja. Watu wengi huyapa matukio yote (kila neno ni tukio moja) lile umbo la mwitikio wa damu linalokuja na programu, lenye kilele kwenye sekunde ya 5 au 6. Maeneo mengi ya ubongo hayalifuati umbo hilo sawasawa. Kinachobaki bila kuelezwa kinaweza kuhamia kwenye rigresa ya bloku, nawe ukatangaza shughuli endelevu ambayo haipo! Tumia FIR, njia isiyokisia umbo la mwitikio: kila skani baada ya neno ipate rigresa yake. TR (muda kutoka skani moja hadi nyingine) ikiwa sekunde 2, rigresa 8 zinafunika sekunde 16.

TAHADHARI: nafasi kati ya maneno lazima ibadilikebadilike. Ukileta neno kila baada ya sekunde 4 mwanzo mwisho, rigresa za matukio zikijumlishwa zinakaribia kuwa bloku yenyewe, na hakuna programu itakayozitenganisha.

TAHADHARI: bloku inapoanza na inapoisha ubongo huitikia kivyake. Weka rigresa ya mwanzo na ya mwisho.

MASWALI

— Mkuu, kwa kifupi niweke ngapi?
Soma hatua ya 1 hadi ya 4, kisha hesabu kwa jaribio lako.

— Mimi sikuweka mapumziko. Si itakubali tu?
Haitakubali. Bloku isiyo na pumziko haina cha kulinganishwa nacho. Chambua matukio peke yake.

— Mwalimu, naweza kuyagawa maneno wakati wa kujifunza, kwa kufuata yatakayokumbukwa baadaye?
Swali zuri sana. Ndivyo zilivyofanya makala mbili za jarida la Science mwaka 1998, moja kwa maneno, nyingine kwa picha. Unampima mshiriki baadaye, kisha unarudi kugawa matukio ya kujifunza. Hakikisha mtihani ni mgumu kiasi. Akisahau maneno machache mno, rigresa ya yaliyosahaulika haitakuwa na nguvu.

— Naongezea: chujio la SPM (programu ya kuchambua fMRI), linaloondoa mabadiliko ya polepole kwenye data, huja na sekunde 128. Bloku na pumziko lake vikizidi hapo, linafuta kile kile unachokitafuta.
Kweli kabisa, mkuu. Na kabla ya kulipia skana, tengenezeni jedwali la modeli (kila rigresa ni safu moja) kwa ratiba ya kubuni, mpime jinsi safu zinavyofanana. Hapo bado ratiba inarekebishika.