Somo: kupima shabaha ya bunduki mpya ya bolti kabla hujaanza kuilaumu

Asalaam aleikum wadau. Hapa Malindi watu wamenishika barazani suala ni lile lile, nimepata .22 ya bolti (bunduki ya risasi nyembamba, unavuta bolti kwa mkono kila ukipiga), cheti kimetoka, sasa ntajuaje kama yapiga sawa? Basi heri niandike mara moja. Renji yenye leseni tu, shamba la mjomba halihusiki hapa, na idadi ya risasi iliyo kwenye cheti ndio hiyo hiyo.

Hatua ya 1, nyumbani. Toa bolti, chungulia mtutu, hakikisha haina kitu, kisha shika bisibisi uguse kila skrubu, zinazobana chuma kwenye mbao na zile za darubini. Mimi yangu ilinitia aibu, matundu matatu ya kwanza ungeyafunika kwa sarafu ya shilingi 10, nkaenda kujisifu kahawani, Jumamosi ya pili yametawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Nkalaumu risasi, nkalaumu kusi, nkamlaumu alieniuzia, kumbe skrubu ya mbele ya darubini inazunguka kwa kidole!

Hatua ya 2. Huku kwetu na hii chumvi ya bahari kila mtu anapaka mafuta na ni sawa, ila usipige yakiwa ndani ya mtutu. Pitisha kitambaa mpaka kitoke kikavu. Hata hapo zile 5 au 10 za mwanzo piga kando usizihesabu, .22 ikishasafishwa inachukua muda kutulia.

Hatua ya 3, mkao. Vizibo vya masikio na miwani kwanza. Meza isiyocheza, mfuko wa mchanga chini ya mbao ya mbele (sio chini ya mtutu!), na mwengine mdogo nyuma chini ya kitako, huo ukiuminya ndio unapandisha na kushusha. Mchanga wa ufukweni achana nao, una chumvi unavuta unyevu, tafuta wa Sabaki uuanike.

Hatua ya 4. Karatasi mita 50, asubuhi kabla upepo haujaamka. Risasi 5, na hata zikitua kando usiguse darubini, kwa sasa hatutafuti katikati tunatafuta zikae pamoja. Rudia karatasi 5, halafu jaribu aina nyengine ya risasi, manake bunduki mbili za kiwanda kimoja kila moja na chaguo lake.

Hatua ya 5. Pima matundu mawili yalioachana zaidi, ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje, toa mm 5.6 ambao ni upana wa risasi yenyewe. Tafuta wastani wa karatasi zote, na ile mbaya usiifiche. Kwa mita 50 dakika moja ya pembe (sehemu moja ya 60 ya digrii, ndio kipimo cha wapiga shabaha) ni kama mm 14.5. Ukipata wastani wa mm 20 hadi 25 kwa risasi za bei ya kawaida, mimi naona bunduki haina kosa. Sasa ndio uguse darubini, kwa nyingi kila mlio mmoja wa kile kifundo chake ukikizungusha ni robo dakika, yaani kama mm 3.6, kwa hivyo ukiwa nje mm 36 ni milio 10.

MASUALI

Shela: Kaka, mbona wengine wasema tatu zatosha?
Jibu: Tatu zinabahatika ndugu yangu. Si nshakwambia ya kahawani.

Watamu: Yangu ni .308, ya risasi kubwa, napiga mita 100, mtutu ukipata moto risasi zinahama.
Jibu: Mtutu mwembamba ndio tabia yake, acha bolti wazi upoe, usiwe na haraka. Ila zikizidi kwenda upande mmoja, pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao, ikikwama ujue mbao inagusa. Na kwa mita 100 dakika ni mm 29, usipige hesabu yangu ya 50.

Mpeketoni: Nikishaipima naeza kutafutia paa?
Jibu: La. Uwindaji Kenya marufuku tangu 1977.

Malindi: Shekhe, ile skrubu ulifanyaje mwisho?
Jibu: Nliipangusa mafuta, nkaikaza, nkachora kistari cha rangi ya kucha kutoka kichwani mpaka kwenye chuma, ikilegea kistari kinakatika naona. Rangi ni ya mke wangu, nyekundu, na ameshaniuliza mara mbili iko wapi.