Kulitunza Jicho Lililowekewa Mrija wa Presha ya Macho

Mrija huu mwembamba huingizwa katika chumba cha mbele cha jicho, ili maji ya ndani yanayozidi yapite hadi kwenye kisahani kilichoshonwa juu ya ukuta mweupe wa jicho, chini ya utando wake, na hapo yafyonzwe na mwili. Maji hayo si machozi, wala hayamwagiki nje. Mrija hushusha presha ili kuulinda uoni uliobaki. Uoni uliokwisha kupotea haurudi, na ni haki ya mgonjwa kuelezwa hivyo kabla ya kupasuliwa.

Kwanza muulize daktari ameweka mrija wa aina gani. Ule wa Ahmed una vali, yaani kilango kinachodhibiti mtiririko wa maji, hivyo hupitisha maji tangu siku ya kwanza, ingawa presha huweza kupanda tena baada ya wiki kadhaa. Isiyo na vali, kama Baerveldt, kwa kawaida hufungwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe baada ya wiki 4 hadi 6, kwa kuwa bila kungoja kovu lizunguke kisahani, maji yangetoka mengi mno na jicho likanywea. Katika kipindi hicho mgonjwa huendelea na matone yake ya zamani ya presha hadi daktari atakapoyasimamisha. Ndiyo maana ninasisitiza kwamba anayetoka mbali, kama Mpwapwa au Kondoa, atenge nauli ya kurudi kliniki kabla ya upasuaji.

Unapoweka matone, nawa mikono kwa sabuni, vuta kope ya chini, dondosha tone moja, fumba jicho na ubonyeze taratibu kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili. Kati ya dawa moja na nyingine subiri dakika 5.

Vumbi la kiangazi cha Dodoma halina huruma. Vaa miwani mchana na ngao ya jicho usiku, usifikiche jicho, na kwa wiki za mwanzo waachie wengine kulima, kupepeta mtama na kubeba ndoo.

Hata baada ya miaka, utando unaoufunika mrija unaweza kulika na kuruhusu vijidudu kuingia. Jicho likiuma, likiwa jekundu, likitoa usaha au uoni ukipungua, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, wala usinunue matone dukani.