Kompyuta ya mezani imegoma kuwaka? Fuata umeme kuanzia ukutani kabla hujanunua mazabodi

Wadau wa Mbeya, Iringa, Njombe na Nyanda za Juu yote, mvua zikishaanza kuanzia mwezi wa 11 huko ndo kompyuta kugoma kuwaka kunakuwa kwingi, radi zinapiga, umeme unakatika unarudi unakatika tena, asubuhi mtu wa steshenari pale Mwanjelwa anabonyeza batani, kimya, na nje wateja wameshapanga foleni wanataka kuprinti. Kinachoniuma ni kwamba mtu anaambiwa mazabodi (motherboard, ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba kila kitu) imeungua, anatoa hela ya mazabodi, kumbe ilikuwa fyuzi ya plagi au RAM (kile kibao chembamba cha kumbukumbu kinachochomekwa kwenye mazabodi) imelegea. Vitu vingi kati ya hivi unaweza kuvipima mwenyewe ukiwa na bisibisi, tochi ya simu na raba ya kufutia penseli.

Kwanza kabisa angalia mashine inafanya nini hasa ukibonyeza. Usiseme tu "haiwaki", kwa sababu kimya kabisa ni jambo moja, feni kuzunguka huku skrini nyeusi ni jambo lingine, na kuwaka sekunde chache afu kuzima ni jambo la tatu, na kila moja lina njia yake.

Kama ni kimya kabisa, anzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye tundu lile lile la ekstensheni, sio tundu la jirani yake, maana ekstensheni nyingi tundu moja linakufa mengine yanadunda. Afu chukua waya wa umeme wa monita uweke kwenye kompyuta, mara nyingi unafanana kabisa, kompyuta ikiwaka ujue waya wake wa kwanza ndo mbovu. Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi ndani, ifungue uitazame au ubadilishe na nyingine yenye namba ile ile ya ampia, usije ukaweka waya mtupu pale badala ya fyuzi, hiyo ni kutafuta moto. Nyuma ya boksi angalia swichi ya pawa saplai (kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani) iwe upande wa mstari, sio wa duara. Na kama kuna kiswichi chekundu kimeandikwa 115 na 230, kwetu lazima kiwe 230, kikiwa 115 ukachomeka umeme wetu inapasuka hapo hapo.

Bado kimya? Chomoa waya ukutani, bonyeza batani ya kuwashia uishikilie kama sekunde 20 ili chaji iliyobaki iishe, acha dakika kadhaa afu rudisha. Pawa saplai nyingi umeme ukirudi kwa kishindo zinajifunga zenyewe kujilinda, na hapo tu mashine kibao zinafufuka.

Sasa fungua boksi, waya ukiwa umechomolewa. Gusa kwanza chuma kitupu cha boksi, hasa mwezi wa 6 na wa 7 ambapo tumevaa masweta na hewa ni kavu, ule umeme wa nguo unatosha kabisa kuua RAM. Nusa kama kuna harufu ya kuungua kwenye pawa saplai na upande wa tundu la waya wa intaneti, maana radi haipiti kwenye umeme tu, inaingia hata kwa waya wa LAN, kwa hiyo radi ikianza kunguruma chomoa vyote viwili. Mulika tochi kwenye mazabodi utafute kapasita (vile vikopo vidogo vya duara vilivyosimama) zilizovimba kichwani au zilizotoa uji wa kahawia, hizo zinaonekana kwa macho.

Kupima pawa saplai peke yake: chomoa ile soketi kubwa ya pini 24 kutoka kwenye mazabodi, chukua kipande kifupi cha waya, unganisha tundu la waya wa kijani na tundu lolote la waya mweusi, ndo uchomeke ukutani. Feni ikizunguka, inaishi. Isipozunguka, chomeka hadi diski (hard disk) ya zamani iwe mzigo kidogo, nyingine hazikubali kuwaka tupu. Ila kuzunguka feni hakumaanishi iko salama. Ukiwa na multimita pima, njano iwe volti 12 (kati ya 11.4 na 12.6), nyekundu 5 (4.75 mpaka 5.25), ya chungwa 3.3. Ile ya zambarau inatakiwa itoe 5 muda wote hata mashine ikiwa imezimwa, ikikosekana hiyo batani haiwezi kufanya kitu. Angalizo kwa wenye Dell OptiPlex na HP za ofisini zile used tunazonunua wengi, matoleo ya karibuni yana soketi ndogo zenye mpangilio wao, rangi hizi usizifuate humo. OptiPlex nyingi zina kitaa kidogo cha kijani nyuma kwenye pawa saplai na kibatani cha kujipima, tumia hicho.

Na nawaomba sana, pawa saplai yenyewe usiifungue. Ndani kuna kapasita zinazobeba zaidi ya volti 300 na zinabaki na chaji hata ukishachomoa. Hiyo ni ya kubadilisha nzima.

Kama pawa saplai peke yake inadunda ila ikiwa na mazabodi inagoma, kuna kitu kinapiga shoti. Chomoa vyote: hadi diski, sidii, kadi, printa, waya za mbele. Na tazama vizuri matundu ya USB ya mbele! Kwenye steshenari flash za wateja zinachomekwa kwa nguvu kutwa nzima, vipini vya ndani vinapinda vinagusana, mashine nzima inagoma kwa ajili ya hapo tu. Batani nayo inakufa, tafuta pini mbili zilizoandikwa PWR SW kwenye mazabodi, chomoa waya wa batani, rudisha umeme wa ukutani, ziguse zote mbili sekunde moja kwa ncha ya bisibisi, ikiwaka basi badilisha batani.

Upande wa feni zinazunguka skrini nyeusi, mimi mkono wangu unaenda kwenye RAM kabla ya kitu kingine. Hakikisha tu kwanza monita inawaka na kebo yake iko kwenye kadi ya picha kama ipo, sio kwenye mazabodi. Afu toa RAM zote, sugua zile sehemu za dhahabu taratibu kwa raba, futa makombo, rudisha moja mpaka isikike "tak" pande zote. Jaribu RAM moja moja, tundu moja moja. Mashine zilizonunuliwa Kariakoo zikapandishwa basi mpaka huku, ule mtikisiko wa njia nzima unalegeza RAM na waya, kwa hiyo mashine ikifika imekufa usilie kwanza, zikandamize upya zote pamoja na ile soketi ya pini 4 au 8 karibu na prosesa (CPU, ubongo wa kompyuta), ambayo watu wanaisahau sana na bila hiyo feni zitazunguka tu bila picha.

Kuna kipimo nakipenda sana. Washa mashine bila RAM hata moja. Ikipiga milio ya kulalamika au kuwasha taa ya kosa, mazabodi na prosesa zina uhai na unayemtafuta mara nyingi ni RAM. Isiposema kitu na ina spika yake ndani, hapo ndo uanze kuogopea mazabodi au prosesa. Milio hesabu, mirefu na mifupi, uiandike, kila kampuni ina maana zake. Betri ya duara CR2032 nayo ni volti 3, ikishuka chini sana mashine nyingine zinachanganyikiwa, ni ya bei ndogo, badilisha tu.

Ikiwaka afu ikazima, mara nyingi ni joto au shoti. Vumbi la kiangazi linajaa kwenye hitisinki (kile chuma cha kupoozea kilichokaa juu ya prosesa) mpaka feni haina kazi, safisha kwa brashi laini, weka pesti mpya ya prosesa, hakikisha hitisinki imekaa imebana pande zote nne. Na mashine iliyolala kwenye gari usiku wa baridi ya Makete au Njombe usiiwashe ukiiingiza tu ndani kwenye jiko la mkaa, maji yanajitengeneza kwenye vyuma, iache masaa kadhaa ikauke.

Ikionyesha maandishi kwamba haioni diski, hiyo imeshawaka, anzia kwenye kebo za diski.

Ukishindwa hapo nenda kwa fundi, ila mpe ulichoandika: volti ulizosoma, milio, inazima baada ya sekunde ngapi. Na hadi diski ichomoe ubaki nayo nyumbani, mashine inapimika vizuri tu bila hiyo, na mafaili ya wateja wako hayatoki mkononi mwako.