Namna ya kuhakikisha nondo inashikamana na zege

Nondo laini hushikwa na zege kwa mnato na msuguano tu, ilhali nondo yenye mbavu hujikita ndani ya zege kiasi kwamba haiwezi kuchomoka bila kulivunja au kulipasua. Kwa hiyo, kwa nguzo na mihimili, chagua yenye mbavu. Kutu nyepesi isiyobanduka haina madhara (mafundi wengi huihofia bure), lakini sugua kwa brashi ya waya magamba yanayobanduka, na ufute kabisa mafuta ya fomu (umbo la mbao au chuma linalomwagiwa zege) na udongo.

Kwa zege la kawaida la daraja la 25 (kipimo cha nguvu yake), mafundi wengi hupishanisha nondo mbili zinapoungana kwa mara 40 hadi 50 ya kipenyo, yaani milimita 480 hadi 600 kwa nondo ya milimita 12, ingawa kipimo cha mhandisi ndicho kinachotawala. Zege jepesi, kama lile la kokoto za pumisi, hushika kwa udhaifu zaidi, na kanuni ya Marekani ya ACI 318 hurefusha urefu wa kushikilia (sehemu ya nondo inayopaswa kuzama ndani ya zege ili isichomoke) kwa takriban theluthi moja. Zege la nguvu kubwa hushika vizuri, lakini hupasuka ghafla pale ambapo tabaka linalofunika nondo ni jembamba na ringi (vyuma vinavyozungushiwa nondo) ni chache.

Jambo linalosahaulika sana ni maji: zege lililozidishwa maji huyatoa yakapanda na kukusanyika chini ya nondo za juu, yakiacha uwazi usioonekana. Punguza maji, kisha shindilia kwa vibreta (mashine ya kutikisa zege).