Gunia Lisirudi Chini

Mkulima akilalamikia kiuno baada ya mavuno, swali langu la kwanza ni hili: gunia moja umeliinua mara ngapi kutoka chini? Mara nyingi limejazwa likiwa chini, likainuliwa kwenda begani, likatuliwa mlangoni, likainuliwa tena kupangwa ghalani, na siku ya kuuza likainuliwa upya. Kila unapoinama kuliokota, pingili za chini za mgongo hubeba uzito wa gunia na wa kiwiliwili chako pia. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chombo chochote, jenga kichanja imara chenye kimo sawa na kitanda cha mkokoteni wako. Jazia na kushonea magunia juu yake, kisha yasukume yaingie mkokotenini bila kuyainua. Ghalani nako yapange juu ya mbao. Hayatapata unyevu wa sakafu, wala hutainama sana kuyachukua.

Toroli husaidia sana, ila wengi hulipakia vibaya. Mzigo ukae mbele, karibu na gurudumu. Chukua kilo 60: uzito ukiwa theluthi moja ya njia kutoka ekseli (mhimili wa gurudumu) hadi mishikio, gurudumu hubeba kilo 40 na mikono 20. Ukiusogeza hadi katikati, mikono hubeba 30. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huzama kwenye udongo laini na kukuchosha bure. Njia ikiwa pana, mkokoteni wa magurudumu mawili ni bora zaidi, kwani ukipakiwa kwa usawa mbele na nyuma, ekseli hubeba karibu uzito wote.

Kupandisha pipa kwenye gari, tumia ubao mrefu. Kwa kimo cha mita 1, ubao wa mita 4 hupunguza nguvu inayohitajika hadi karibu robo. Lisukumeni watu wawili, na asisimame mtu nyuma yenu kwenye mteremko.

Jambo la mwisho ni uzito wenyewe. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na wanawake na vijana wabebe pungufu sana ya hapo. Kama magunia yako ni ya kilo 100, gawa kila moja liwe mawili kabla ya kuyashona, yakiwa bado juu ya kichanja.