Jinsi ya kumshirikisha mtu mwenye mtindio wa ubongo katika utafiti wa afya ya jamii

Tafiti nyingi humuuliza mama, na mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy, ulemavu wa mwendo na misuli unaotokana na hitilafu ya ubongo) akabaki anasikiliza tu habari zake. Mwongozo huu ni wa kumuuliza mwenyewe.

Hatua ya 1: Waite watu wenye mtindio wa ubongo kabla swali la utafiti halijaandikwa. Huenda wewe unataka kupima mwendo, kumbe wao kinachowakosesha usingizi ni maumivu ya nyonga. Wawili watatu waingie kwenye timu wakiwa na kauli, na walipwe kama wajumbe wengine.

Hatua ya 2: Tenga muda na nauli. Nauli ni ya mshiriki, ya msaidizi wake na ya kiti cha magurudumu. Dodoso refu ligawe vikao viwili, maana mwili unachoka. Kipimo cha GMFCS kina ngazi 5 za uwezo wa kutembea na kujimudu. Hakikisha ngazi ya 4 na ya 5, wenye ugumu mkubwa zaidi, wamo kwenye sampuli. Lakini kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu akili. Mtu wa ngazi ya 5 anaweza kuwa anakuelewa neno kwa neno.

Hatua ya 3: Ijue "ndiyo" yake na "hapana" yake. Hapa ndipo kazi ilipo, usiparuke. Kaa chini, macho yenu yawe sawa. Muulize mlezi, mshiriki akisikia: "Akikubali anafanyaje?" Mmoja hutazama juu, mwingine hufumba macho, mwingine hugusa picha kwenye ubao wa mawasiliano. Hakikisha kwa maswali ambayo majibu yake unayajua: taja jina lake, kisha taja jina lisilo lake. Alama zikieleweka, uliza swali moja, halafu nyamaza. Mimi huhesabu kimoyomoyo hadi kumi, pengine zaidi. Ukimharakisha, misuli hukaza, na mkono uliokuwa unaelekea kwenye picha hurukia kwingine; ukiandika picha hiyo, umeandika jibu lisilo lake. Usimmalizie maneno. Kama hujamwelewa, mwambie hujamwelewa, naye atarudia. Kutikisa kichwa ukijifanya umeelewa ni kumdharau.

Hatua ya 4: Ridhaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine. Basi kwa mtu mzima anza na yeye. Asiyeweza kusaini aridhie kwa dole gumba, au kwa ishara yake mbele ya shahidi. Njia hizo zipitishwe mapema na kamati ya maadili. Kwa mtoto, mzazi ndiye anayeridhia, lakini mtoto naye aulizwe. Akigeuza uso au akilia, simamisha, hata kama mzazi anasema endelea. Uliza upya kila kikao.

Hatua ya 5: Tenganisha majibu. Kila swali liwe na nafasi ya kuandika nani amejibu: mwenyewe, mlezi, au wote wawili. Kuhusu maumivu na furaha hutofautiana mara nyingi, na ukiyachanganya, sauti ya mlezi ndiyo itakayobaki. Maswali ya ukatili uliza mlezi akiwa hayupo.

Hatua ya 6: Warudishie matokeo kabla ya kuchapisha. Yasomeni pamoja, kwa sauti na kwa picha. Wakisema tafsiri yako si sahihi, rudi kwenye takwimu pamoja nao.