Kabla ya kumwanzishia mbwa dawa za moyo: maandalizi kwa walio Mtwara na Lindi

Dawa za moyo ulioshindwa kusukuma damu si dozi ya siku tano. Mbwa akishaanza, anameza asubuhi na jioni mpaka mwisho wa maisha yake. Akikatishiwa siku mbili tatu, maji yanaweza kurudi kujaa mapafuni au tumboni. Kwa hiyo akiba ndiyo ya kwanza kufikiria. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kuja kusini maeneo ya Somanga, magari yakakwama huku na huko. Aliyebakiza vidonge vinne siku kama hiyo hana pa kushika. Weka dawa za mwezi mzima pembeni zisizoguswa, hasa kuanzia Desemba hadi mvua zinapokatika, na agiza nyingine kabla hujaifikia akiba hiyo.

Lakini kwanza hakikisha ni moyo kweli. Tumbo kujaa maji na kukonda mgongo huletwa pia na ini, minyoo, na magonjwa ya kupe na ya mbung'o, na dawa ya kukojosha haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Mwombe daktari wa mifugo asikilize moyo na mapafu, na picha ya eksirei ipigwe ikiwezekana. Damu iangaliwe pia kama ina minyoo ya moyo, maana inaenezwa na mbu na pwani mbu hawakosekani. Kabla ya majibu hayo, usimkubali mtu amchome mbwa ivamektini, dawa ya minyoo ya ng'ombe: vijidudu vya minyoo hiyo vikifa kwa mkupuo ndani ya damu, mbwa anaweza kuanguka hapo hapo.

Damu hiyo hiyo ipimwe figo (kreatinini na urea) pamoja na potasiamu kabla ya kidonge cha kwanza, kisha irudiwe siku ya 7 hadi ya 14. Bila namba ya mwanzo, namba ya pili haisemi kitu: hujui kama figo zimeumizwa na dawa au zilikuwa mbovu tangu zamani.

Uzito nao usikisiwe kwa macho. Mbebe mbwa, pandeni mzani wa bafuni, kisha toa uzito wako. Mizani ya jukwaa ya kupimia magunia ya korosho inafaa pia, ila ile ya kuning'iniza usiitumie kwa mbwa anayehema kwa shida.

Ukishaupata uzito, hesabu inakuwa nyepesi. Chukua mbwa wa kilo 20. Furosemaidi, dawa ya kukojosha ambayo wengi wanaijua kama Lasix, mara nyingi huanzia miligramu 2 kwa kila kilo mara mbili kwa siku: kidonge kimoja cha 40 asubuhi na kimoja jioni, yaani 60 kwa mwezi. Pimobendani, ya kuusaidia moyo kusukuma, ni miligramu 0.25 kwa kilo mara mbili, yaani kidonge cha 5 asubuhi na jioni, saa moja kabla ya chakula. Enalaprili, ya kulegeza mishipa ya damu, ni 0.5 kwa kilo, yaani kidonge cha 10 mara moja kwa siku, wengine mara mbili. Spironolaktoni, nayo ya kukojosha, ni 2 kwa kilo, kwa hiyo karibu kimoja na nusu vya 25. Daktari ndiye anayepanga, na atapandisha au kushusha; hesabu hii ni ya kujua utanunua ngapi. Furosemaidi, enalaprili na spironolaktoni ni zile zile za binadamu, famasi zinazo. Inayosumbua ni pimobendani. Maduka mengi ya dawa za mifugo yamejaa za minyoo na kupe, kwa hiyo iulizie na kuiagiza mapema, kabla ya siku ya kuanza.

Unyevu wa pwani hula vidonge. Viache kwenye karatasi zake, ndani ya kopo kavu, mbali na jiko na bati. Kata nusu ya leo tu. Iliyokatwa wiki nzima nyuma hugeuka unga.

Panga nani anampa. Nyumba nyingi za huku mbwa halali ndani, na si kila mtu yuko tayari kumtia mkono mdomoni. Tonge dogo la ugali linatosha kuficha kidonge, ila la pimobendani liwe dogo hasa, maana hiyo hutangulia chakula. Dozi ikisahaulika, ijayo isiongezwe mara mbili. Maji ya kunywa yawepo saa zote. Kumnyima maji mbwa anayekojoshwa ni kumuua figo. Chumvi ndiyo ya kupunguza, na hapa ng'onda na dagaa wa chumvi ndio adui. Mchemshie samaki mbichi bila chumvi. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisimkaribie kabisa.

Siku tatu kabla ya kuanza, hesabu pumzi zake akiwa usingizini, usiku au alfajiri. Mchana wa Mtwara hata mbwa mzima huhema ulimi nje, na hesabu hiyo haina maana. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja; hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili, andika ukutani. Mbwa mzima huwa chini ya 30 kwa dakika. Ikizidi 30 mara mbili mfululizo, piga simu. Ikizidi 40, au ufizi ukiwa wa bluu, au amenyoosha shingo na kutanua viwiko, mpeleke kwa daktari usiku ule ule.

Kwa usiku huo, muulize daktari mapema kama unaruhusiwa kuongeza furosemaidi, kiasi gani, na nani ana ya sindano. Namba ya bajaji iwe imeshahifadhiwa kwenye simu. Bodaboda haimfai, bajaji ina upepo, na anaweza kukaa au kusimama anavyotaka. Usimlaze ubavu.